Balbu ya Dirisha la Tatu

Viatu tuliviacha mlangoni, jozi mbili kwa kibati kimoja,
namba mia nne na kumi na saba.
Puttaraju akakitia mfuko wa shati, akaupapasa mara tatu
kama mtu aliyeweka shamba rehani.
Nikamwambia: ni kandambili tu, mume wangu.
Akasema: zako ni mpya.

Miaka thelathini na minne ya ndoa
tumeishi Tiptur, mwendo wa saa nne kwa basi,
na Kasri la Mysuru tulilijua kwa kalenda
ya duka la mbolea, Januari hadi Desemba,
ukutani, juu ya gunia la mchele.
Leo ndiyo kwanza limeshuka kwenye msumari.

Sakafu ilikuwa baridi. Nyayo zilishangaa kabla ya macho.
Juu, tausi wa vioo wametandaza mikia,
jua likipita vifuani mwao na kutushukia,
buluu begani kwangu, kijani kwenye upara wake.
Wageni walitazama dhahabu.
Mimi nilijiuliza nani hupiga deki hapa,
na magoti yake yana hali gani.
Naye, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha kamba za makumbi,
aliinua shingo akitafuta waya.
"Wameuficha vizuri," akanong'ona,
kwa heshima ambayo hakuwapa wafalme.
Mlinzi akapuliza filimbi: songeni, songeni.
Tulipotoka, kibati kilikuwa kimelowa jasho.

Soko la Devaraja tuligombana.
Muuza yasmini alipima kwa mkono wake,
kiwiko hadi ncha ya kidole,
na mkono wenyewe ulikuwa mfupi.
"Mkono wa mtoto, bei ya mtu mzima!"
Mume wangu akalipa bila kupunguziwa hata rupia,
eti siku ya matembezi haina vipimo.
Nikanuna kuanzia vilima vya unga mwekundu
hadi mwisho wa safu ya ndizi,
maua yakinukia kichwani bila aibu.

Mlima Chamundi una ngazi elfu moja.
Tulizitazama tukiwa ndani ya basi.
Nandi, fahali wa jiwe, amelala kando ya njia,
mweusi kwa mafuta ya mikono isiyohesabika,
kengele zake shingoni hazijawahi kulia.
Puttaraju akalisugua goti lake,
akalitazama la fahali, lililokunjwa.
"Huyu naye," akasema, "alikusudia kufika juu."
Nikacheka. Kununa kukaniponyoka.

Saa moja jioni tulisimama uwanjani na umati,
watoto mabegani, puto, bendi ya polisi.
Giza lilikuwa la kawaida, giza kama la kwetu,
halafu pwaa!
laki nzima ya balbu kwa pumzi moja.
Watu wote wakasema "aa",
na kasri likabaki mistari mitupu,
kama limechorwa kwa kaa la moto na mtoto asiye na haraka.
Nikamtazama yeye. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.
"Ghorofa ya pili, dirisha la tatu kushoto.
Moja imeungua."
Katika laki! Nikatafuta, nikatafuta,
nikaiona: tundu la usiku, ukubwa wa choroko.
Tangu hapo sikuona kingine.

Basi la saa tatu. Akalala begani pangu.
Tuliingia nyumbani saa saba usiku,
nikaibonyeza swichi ya jikoni kwa mazoea.
Ta. Kimya.
Balbu ile ilikufa tangu wiki ya sikukuu,
na mganga, wanasema, hajigangi.
Sikutamka neno. Niliivua yasmini iliyokwisha kusinyaa
nikaitundika kwenye msumari wa kalenda.
Nyuma yangu nikasikia stuli ikiburutwa,
na mzee wa miaka sitini na tisa akipanda, akiguna,
akiniambia nishike tochi, niishike sawasawa,
nisimmulike usoni,
nimulike juu.